Kinini ya damu, alama za vidole ku mukono yangu, na mujukulu waliita mulozi

Wakuu, habari za kwenu. Mi ni mama wa mutaa ya Kapata. Masomo yangu iliishia troisième primaire, darasa ya tatu, lakini nililea batoto saba, hakuna hata moja alilala njaa. Ile naandika ilinipata mi mwenyewe. Mwenye atacheka, acheke.

Mwaka jana moyo ilinitupa chini. Nikapona. Ku hospitali muganga akanipitisha ku mashini ya kuangalia moyo, akageuza ekra, kioo ya ile mashini, nione.

Ndani ya moyo mulikuwa kitu. Kimeshika ukuta, kinatingizika kama ulimi.

"Mama, ni damu imeganda. Ikichomoka, itapanda ku kichwa. Utapooza ao utakufa."

Akanipa kinini, kidonge ya kuzuia damu kuganda. Moja asubuhi, moja mangaribi, bila kuruka. Hii mupya haiombi kupimwa damu kila mara kama ile ya zamani.

Sasa musikilize.

Juma ya pili naamka, naona alama ku mukono. Vidole ine na gumba, bleu, kama mutu alinikamata na kasirani. Nikisugua meno, mate nyekundu.

Ku kitanda tuko babili tu: mi na mujukulu yangu Ngalula, miaka munane, yatima.

Bamama ba maombi banakuja kwangu kila siku ya tatu, Jumatano, kunishika na kuniombea. Mukubwa wao, Mama Charlotte, akaangalia mukono, akaangalia mutoto.

"Kuko mutu anakunywa damu yako mu hii nyumba. Acha kinini, inamunenepesha ule mulozi. Siku ya yenga, Jumapili, mutoto ataingia kanisa, hatakula mpaka aseme ni yeye."

Sitawadanganya, niliogopa. Nilichunguza kucha za ule mutoto kama polisi. Nikamutuma kwa shangazi yake kule Dilala. Alipanda moto, pikipiki ya kulipia, bila kulia.

Kinini sikuacha. Ule ulimi ndani ya moyo niliuogopa kupita Mama Charlotte.

Juma ikapita mu nyumba nalala mi peke, bamama ba maombi tu bakapita siku yao. Siku ya ine, Alhamisi asubuhi: alama mupya. Vidole ine na gumba.

Mutoto iko Dilala. Basi nani?

Nikaenda kwa muganga. Hakushangaa.

"Mama, hii dawa inafanya damu itoke mbio chini ya ngozi. Kushikwa kidogo tu, inaacha alama. Usiiache. Lakini damu ikikataa kusimama, ao choo ikiwa nyeusi, kuja mbio. Nani anakushikaka?"

Nikahesabu siku ku vidole, nikafika ku siku ya maombi.

Siku ya tatu bamama balipokuja, sikungojea maombi ianze. "Mama Charlotte, weka vidole byako hapa."

Akaweka. Moja, mbili, tatu, ine. Gumba nayo ikapata fasi yake.

Akautoa mukono mbio.

"Weye unaomba umenikamata kama mutu anakamua nguo," nilimwambia. "Na siku ya yenga ulitaka kufungia mutoto wangu na njaa."

Nikavaa kikwembe, nikapanda moto mpaka Dilala kumurudisha Ngalula.

Kisha miezi tatu kupita, ekra ilionyesha moyo mweupe, ulimi haiko. Muganga akafurahi. Mi pia.

Lakini Ngalula, mpaka leo, akileta maji ya kunawa anasimama mbali, mikono nyuma.

"Kaku, nikushike ao nisikushike?"

Wakuu, mukipewa hii kinini, muulize muganga alama itatoka wapi mbele ya kuonyesha mutoto kidole. Na mwenye anaikunywa aseme hapa bila haya: alama zako ulisema ni za nani?