Fundi Mwanga Aliposimamisha Mashine

Kanuni ya Fundi Mwanga ilikuwa moja: mkanda ukishaanza, hausimamishwi. Kwa miaka kumi na minane katika chumba cha mashine cha jumba la sinema, chenye joto la tanuri na kidirisha kisichozidi upana wa kitabu, hakuwahi kuusimamisha, si kwa ugomvi wala kwa mvua iliyovuja juu ya viti. Aliivunja kanuni hiyo mara moja tu.

Filamu aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya zamani, isiyo na rangi, ya mtu mwenye uso ulioharibika anayekimbiwa na mji mzima. Wenzake waliiita ya kutisha.

"Inatisha nini?" aliwabishia. "Tazameni anavyoshika kikombe, kama mtu aliyezoea kunyang'anywa."

Ilipopangwa kuonyeshwa tena, Jumamosi mchana, alimshawishi dada yake aje. Dada huyo alikuwa mshonaji. Jiko la mafuta lilimlipukia usoni angali msichana, na tangu hapo aliwapima wateja wake akiwa amejitanda mtandio hadi chini ya macho.

"Kaka, nije kuangalia uso wangu ukutani?"

"Njoo umwone mtu, dada. Mle ni giza, nani atakutazama?"

Akaja, akakaa safu ya mbele. Taa zilipozimwa, akashusha mtandio.

Ikafika pale yule mtu anapovuliwa kinyago. Ukumbi ukaangua kicheko.

"Mkweo huyo!" mmoja alimpigia kelele mwenzake.

"Mvisheni gunia!"

Kumcheka mtu kwa jambo asilolichagua ni utovu wa utu, hata kama mtu mwenyewe ni picha tu. Fundi aliliamini hilo, na damu ikamchemka. Akazima mashine, akawasha taa zote, akapaza sauti kidirishani: "Anayecheka atoke!"

Hapo ndipo alipomkumbuka dada yake. Alikuwa kule mbele, uso wazi, na safu nzima ikimkodolea macho. Fundi alitamani ardhi immeze. Lakini dada hakujitanda. Alisimama, akawageukia.

"Mmemaliza? Basi nyamazeni. Nataka kujua mwisho wake."



Mwenye jumba alipanda ngazi mbio, akihema. "Unawafokea wateja wangu? Washa mashine, na ikiisha niletee funguo!"

"Nawasha, bosi. Funguo chukua sasa hivi. Radhi siwaombi."

Filamu ikaenda hadi mwisho, watu kimya, wengine wakijifuta macho kwa siri. Dada alitoka kwa mlango mkubwa, mchana kweupe, mtandio begani. Kaka yake alitembea kando yake, kifua mbele, akimsalimia kila aliyewatazama.

Kazi yake iliishia siku hiyo. Aliishi miaka ishirini na miwili zaidi, na hakuna jumba lingine lililomkabidhi mashine.