Ghala la Picha Lililosubiri Chakula cha Mchana

Wewe uliyewahi kuigombeza kompyuta mpaka majirani wakachungulia dirishani, vuta kigoda ukae. Kisa hiki kilitupata mimi, mama yangu, na bibi harusi mmoja mwenye haraka. Maneno ya kiufundi yasikutishe, nitakwenda polepole.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa, na kila chumba cha mbele pale Songea kikageuka duka. Chetu kilikuwa studio ya picha. Mama alipiga picha za harusi na ubatizo kwa kamera ya dijitali, kisha akaziingiza kwenye kompyuta ya dukani. Katika chumba cha nyuma, kisichofikiwa na vumbi la barabara, tuliweka kompyuta nyingine ya mtumba pamoja na printa. Hiyo tuliiita ghala. Picha mpya ikiingia dukani, nakala yake ilisafiri kwa waya hadi ghalani, na huko ndiko tulikochapa.

Waya wenyewe ulipitia kwa jirani mwenye chumba cha intaneti, kwa sababu tulichangia laini. Siku moja wateja wake walizifumania picha za bwana harusi aliyesinzia kanisani, wakacheka mpaka habari zikamfikia mwenyewe. Mama akaja juu. "Weka kufuli! Picha za watu si za kila mpita njia."

Nikaweka. Kila asubuhi kompyuta ya dukani ilijitengenezea cheti cha siku hiyo. Kichukulie kama kitambulisho. Kimeandikwa saa kinapoanza kufanya kazi na saa kinapokufa, na ghala halipokei kitu kwa asiye na cheti kilicho hai. Rahisi, sivyo?

Basi kufuli likaanza kutufungia nje wenyewe. Asubuhi ghala linakataa. Mchana umeme wa mgao unakatika, na kazi imelala. Lakini siku ambazo umeme ulichelewa kukatika, tukishakula tu, picha zilianza kupita zenyewe bila mtu kugusa kitu. Mama akatoa hukumu yake: "Hiyo mashine ina njaa. Tumbo tupu haifanyi kazi." Mimi niliyetoka kusoma kompyuta Dar nilicheka.

Ndipo asubuhi moja akaingia bibi harusi wa Mpitimbi, hina bado haijafifia vidoleni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndoa inasemaje?"

"Inasema inataka picha zake."

Kumbe mama mkwe wake wa Lusewa alikuwa amevunjika mguu na harusi ilimpita. Bibi harusi alimwahidi albamu, na gari lilikuwa linaondoka alfajiri ya kesho yake.

"Mama mkwe ameshasema mwanawe angeoa jirani, si mtu wa mbali," alitueleza. "Nikifika mikono mitupu, atasema na harusi yenyewe haikuwepo."

Nikakaa kazini. Kwanza niliutazama waya, maana panya wa Songea hawana adabu. Ulikuwa mzima. Pili niliita ghala kutoka dukani ili nijue kama linanisikia. Likaitika. Basi njia ilikuwa wazi, na tatizo lilikuwa mlangoni. Nikausoma ujumbe wenyewe kwa sauti: cheti hakijaanza kufanya kazi.

"Hakijaanza?" bibi harusi akauliza. "Kama mume wangu asubuhi."

Cheti kinachodaiwa hakijaanza hunipeleka kwenye saa za mashine. Nikapaza sauti kuelekea chumba cha nyuma, kama nilivyofanya asubuhi nyingine nyingi. "Mama! Ghala linasema saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu!"

Nikatazama kioo changu. "Hata huku!"

Saa zinalingana, nikaendelea kuhangaika na kufuli.

"Litoe tu hilo kufuli, kaka," bibi harusi akasihi.

"Halitoki!" mama akajibu kutoka nyuma. "Unataka kuchekwa na mtaa mzima?"

Bibi harusi akachukua andazi kwenye sahani yetu, akaenda nalo nyuma. "Kama ni njaa, tuilishe." Nikamfuata mbio kabla mafuta hayajagusa kibodi. Na hapo, kwa mara ya kwanza asubuhi, nikasimama mbele ya kioo cha ghala. Pembeni pameandikwa 02:41.

"Mama, nani ameandika mbili hapa?"

"Mimi. Betri yake ndogo imekufa. Kila umeme ukirudi inaniuliza saa, nami naijibu. Kwani sasa hivi si saa mbili?"

Ilikuwa saa mbili kweli. Ila kompyuta ya dukani iliiandika 08:41, nami kila siku niliisoma nane nikatamka mbili, kama tufanyavyo sote. Mama alisoma mbili akatamka mbili. Kwa mdomo tulipatana, lakini mashine zilipishana saa sita. Cheti kilichozaliwa asubuhi dukani, ghala lilikiona ni cha baadaye, likakisubiri mpaka saa zake zikifikie, yaani baada ya chakula.

"Mama, hii huanza kuhesabu saa sita usiku."

"Nani huyo anayeanza kuhesabu siku akiwa amelala? Watu wanahesabu jua likitoka!"

"Mama, ni kweli," bibi harusi akasema, "lakini leo tuikubalie tu, mama mkwe ananisubiri."

Mama akaguna, akabonyeza nane. Mimi nikajaribu tena kutoka dukani, na picha zikaanza kupita moja baada ya nyingine. Printa ikalia asubuhi yote. Umeme ulikatika ikiwa imebaki picha ya mwisho, ukurasa mmoja wa albamu ukabaki mweupe.

"Huo nitamwambia ni wa mjukuu," bibi harusi akasema, akafunga albamu kwenye khanga.

Kwa hiyo nawe, mashine zako mbili zikikataana na ujumbe ukataja cheti, usimuulize mtu saa. Nenda kasimame mbele ya kila moja, uandike tarakimu za saa na tarehe kama zilivyo kwenye kioo, uzilinganishe, kisha urekebishe iliyokosea kabla hujagusa kitu kingine.