Bibi alijua kabla ya maabara

Leo nimekosa spishi mpya na bado nacheka peke yangu.

Mnawakumbuka wale mbawakawa wenye taya kama pembe, niliowaokota kwenye magogo yaliyooza kule Masoko? Wengine wakubwa, wengine wadogo wenye pembe fupi.

Niliapa ni spishi mbili. Wale wadogo nikawatafutia na jina kabisa: la Bibi Tusajigwe, mwenye nyumba wangu hapa Tukuyu.

Asubuhi maabara imeleta matokeo ya vinasaba vya mitokondria, vile ambavyo mtoto huvipata kwa mama tu.

Wakubwa kwa wadogo, wote spishi moja.

Nikamfuata Bibi jikoni, anamenya ndizi, nikamweleza kwa aibu.

Hata hakuinua kichwa. "Si nilikwambia, mwanangu? Huyo mdogo alikulia kwenye gogo lililokauka, akakosa chakula."

Kweli aliniambia, wiki ya kwanza kabisa. Mimi nikaandika daftarini: "imani za wenyeji."

(Ndiyo, nimeshafuta.)

Nikamwomba radhi kuhusu jina.

"Afadhali," akasema. "Jina langu lisubiri mtoto wako. Kwani wewe unaoa lini?"

Jamani, hilo naomba mnisaidie kujibu. Maabara haipimi.