Mpiga gita aliyesikia pumzi yake sinemani

Saa tatu asubuhi, Mama Gita ameketi peke yake katika chumba cha kurekodia, mguu wa kushoto juu ya kibao, anasugua kucha za mkono wa kulia kwa msasa laini. Kwenye skrini mbele yake, mwanamke anasubiri kwenye korido ya hospitali. Fundi sauti anampungia mkono nyuma ya kioo. Anaanza kupiga.

Kwa miaka ishirini na sita amepiga gita katika filamu za watu. Watazamaji hutokwa machozi kwa vidole vyake bila kumjua, na hilo halikuwahi kumkera. Kinachomkera ni kingine.

Mwaka jana mdogo wake alimpeleka sinema. Katikati ya filamu akamnong'oneza, "Dada, mbona hukuniambia hii umepiga wewe?"

Hakuwa ameipiga. Lakini lilikuwa gita lake, hata namna anavyochelewesha noti ya mwisho. Kisha, kabla ya kipande kigumu, ukumbi mzima ukasikia mtu akivuta pumzi puani.

"Niliganda," anasema. "Huwa navuta hivyo vidole vikiingia pagumu. Hata mume wangu anaijua pumzi hiyo."

Kesho yake alimfuata mtayarishaji ofisini. Akaambiwa hakuna aliyemwibia. Kompyuta ilisikilizishwa rekodi zake za zamani, ikatunga yenyewe. Tena afurahi, maana sasa gita lake litasikika hata akifa.

Akifika hapa, anapaza sauti. "Ananizika nimekaa mbele yake! Nikamuuliza, mashine ina mapafu? Akaangalia saa."

Hakurudi nyumbani kulia. Yeye, mpiga fidla na mpiga filimbi walikubaliana kutoingia studio hadi mkataba useme rekodi itatumika katika filamu inayorekodiwa tu. Wakaitwa wakorofi, simu za kazi zikanyamaza. Mpiga filimbi, mwenye watoto watatu, alimlaumu waziwazi.

Mtunzi wa muziki wa filamu hii ya leo ndiye wa kwanza kukubali sharti lao.

Ile yenye pumzi yake bado inaonyeshwa. Kesi aliyomfungulia mtayarishaji itasikilizwa mwezi ujao, na wakili amemsihi apunguze hasira.

"Sipunguzi," anasema, akikaza uzi. "Nitakwenda na gita. Hakimu afumbe macho, nipige mimi, kisha wapige hiyo yao. Halafu wamwambie huyo mwanamke wa pili anayevuta pumzi ni nani."