Aliyenawa Akakosa Kula

Sogea karibu, mwanangu, sauti yangu siku hizi haifiki mbali. Iko siku moja naikumbuka kuliko siku niliyoolewa, kuliko hata siku niliyomzaa kifungua mimba wangu. Ilikuwa siku ya furaha nyumbani kwetu Namuwongo, siku wakwe walipotoka Bukoto kuja kumposa dada yangu Hadija. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Siku hiyo nilifanya jambo dogo sana, dogo hata ungekuwa umekaa chumbani humo usingeliona. Nilisogeza goti.

Wazee wengi huwaita vijana wawasimulie walivyokuwa mashujaa. Mimi sina hayo. Ukitaka ya mashujaa, nenda kwa jirani yangu hapo, yeye kila vita alikuwepo.

Nilikuwa na rafiki jina lake Akello. Baba yake alikuwa sajini wa polisi, mtu wa kaskazini, na walikaa kwenye nyumba za polisi Nsambya. Kutoka kwao mpaka kwetu ilikuwa kufuata reli tu. Sisi tulikuwa Waswahili wa mjini, babu zetu walikuja na misafara ya biashara kutoka pwani wakasahau kurudi, na baba yangu alifundisha watoto Kurani. Akello alivaa msalaba shingoni na mimi mtandio kichwani, na hakuna aliyetuuliza inakuwaje. Kilichotukutanisha ni sinema.

Jumatano mchana sinema moja ya mjini ilikuwa ya wanawake peke yao. Filamu za Kihindi, mwanangu, saa tatu nzima, na vilio. Siku ya kwanza nilikaa karibu na msichana mrefu nisiyemjua, akaniuliza wanasema nini. Nikamwambia Kihindi nakijua, kwa kuwa nyumba yetu ilipakana na duka la Mhindi. Uongo mtupu. Nilijua kusema njoo na nenda, basi. Lakini nikaanza kumnong'oneza, natunga kadiri picha zinavyokwenda. Mwigizaji akilia namwambia, "Anasema mama yake alimwachia pete." Filamu inakwisha, pete hatujaiona. Akello hakuuliza pete imekwenda wapi. Alisema tu, "Bambi," neno la Kiganda la kumwonea mtu huruma, akaendelea kula kabalagala zake, vile vitumbua vya ndizi.

Baadaye sana aliniambia alijua tangu siku ileile ya kwanza. "Lakini ya kwako ni tamu kushinda ya filamu," alisema. Alizungumza Kiswahili cha kambini, cha polisi na askari, ambacho baba yangu alikikunjia uso na mimi nilikipenda. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Uongo wangu aliupokea kwa mikono miwili na kuniachia heshima yangu.

Filamu tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya dada wawili waliopotezana wadogo kwenye stesheni ya treni. Tuliitazama mara saba. Mwisho mmoja anabisha mlango, mwingine anaufungua, na ukumbi mzima unapenga kamasi kwenye mitandio. Aliyetangulia kufika alimshikia mwenzake kiti, na mimi niliweka goti langu juu ya kile cha pili. Mtu akitaka kukaa namwambia kina mwenyewe. Niliwahi kutukanwa mimi na ukoo wangu kwa ajili ya kiti hicho, goti sikuliondoa.

Na nyumbani alikuwa mtu wetu. Idd zote alikula kwetu, sinia moja nami. Unajua sinia, mwanangu, watu wanne au watano mkekani, na mtu wa ziada akija hakuna anayeambiwa ampishe. Kila mmoja anavuta goti lake kidogo, nafasi inatokea. Akello alikuwa wa mkono wa kushoto, na kwetu hatuli kwa mkono huo. Shangazi Mariamu, dada yake baba, alimfunga kiganja cha kushoto kwa ncha ya leso yake Idd ya kwanza, wakacheka mpaka wali ukapoa. Idd ya pili leso haikuhitajika.

Kisha miaka ile ikatuingia. Jeshi lilikuwa limeichukua nchi, na watu wa kaskazini waliokuwa jeshini na polisi wakaanza kuitwa majina asubuhi, jioni wasirudi. Hatukuuliza. Tulijifunza kusema "amesafiri". Unamkuta mke wa mtu sokoni macho yamevimba, unamuuliza baba watoto, anasema amesafiri, nawe unasema Mungu amrudishe salama, mnaendelea kuchagua nyanya. Akello alipunguza kuja sinema. Nilimwambia hayo yatapita. Nilisema kama nilivyokuwa nikitafsiri Kihindi.

Sasa siku ya wakwe. Wanaume walikuwa sebuleni na baba, wanawake chumba cha ndani, masinia matatu. Kwenye sinia langu tulikuwa wanne, na mmoja wao Bi Rehema, shangazi wa bwana harusi. Mwanamke mnene, mpole, na wote tulikuwa tumenong'onezwa habari zake kabla hajavua viatu: mtoto wake anafanya kazi kwenye ile ofisi isiyokuwa na kibao mlangoni, wanakotoka vijana wenye miwani myeusi wanaochukua watu. Mama alitukusanya jikoni akatuambia tukiwa mbele ya Bi Rehema tuongee habari za pilau tu.

Tulikuwa tumeshaanza kula Akello alipoingia kwa mlango wa uani. Nguo yake ilikuwa na vumbi la reli mpaka magotini. Akainama sikioni kwangu. "Walikuja kwa nyumba, Zaina. Mzee walimuchukua juzi. Mama alikimbia na watoto. Mimi nitalala kwa nyinyi siku mbili tu, mjomba atakuja kunichukua."

Kabla sijajibu, Mama akapita na birika na bakuli. Hakujua lolote, maskini. Alimwona Akello, akafurahi, akamwambia amechelewa na pilau inapoa, akammiminia maji mikononi palepale aliposimama, akaenda zake sinia la pili. Basi Akello akawa amesimama nyuma ya bega langu, mikono inadondosha maji, mkono wa kulia ameutanguliza kama alivyofundishwa.

Bi Rehema akainua macho akamtazama. Kisha akavuta goti lake. Nililiona, mwanangu, naapa nililiona, alivuta goti akampa mgeni nafasi, na mimi nikaona mtego. Nikasema moyoni, anataka akae amsikie anavyosema, aijue lafudhi ya kaskazini. Palikuwa na nafasi ya mtu mmoja kati yake na mimi. Nikasogeza goti langu nikaiziba.

Bi Rehema akauliza kwa upole, "Huyu ni nani?"

Nikasema, "Anatufulia nguo. Leo si siku yake."

Ulimi wangu haukukwama hata kidogo. Mtu aliyezoea kutunga hahitaji kufikiri. Nilitazama wali, sikumtazama yeye, lakini nilimsikia. Alisema, "Ndiyo, mama. Mimi nilikosea siku."

Aliupokea. Uongo wa kumtupa nje aliupokea vilevile kama ule wa pete, akanishikia heshima yangu mbele ya wageni. Akafuta mikono kwenye gauni lake, akatoka kwa mlango aliouingilia. Nami nikamega tonge la pilau nikala. Hilo nalo nakuambia, maana ningeweza kukuambia lilinikwama kooni. Halikunikwama. Nilikula.

Shangazi Mariamu alikuja kutoka jikoni na sahani ya nyama. Akasema amesikia sauti ya Akello, yuko wapi? Nikamfuata uani nikamweleza, nikalia, nikataja ofisi isiyo na kibao, nikataja dada yangu na posa yake, nikataja baba na sisi sote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia maneno ambayo sijayalipa mpaka leo: "Zaina, umemwacha mtu aliyenawa aondoke na njaa. Hata maiti tukimwosha tunampeleka mahali."

Akaiweka sahani chini, akatoka pekupeku, mwanamke wa makamo yake, akaifuata reli kuelekea Nsambya. Alirudi peke yake, miguu imechanwa na kokoto. Hakunisemesha siku tisa.

Siku ya pili yake nilikwenda mwenyewe. Kwenye nyumba ya sajini palikuwa na pazia jingine na mwanamke mwingine, akaniambia waliokuwa hapo wamesafiri. Jumatano nikaenda sinema, nikaweka goti juu ya kiti cha pili. Mama mmoja akaomba kukaa, nikamwambia kina mwenyewe. Taa zikazimwa, zikawashwa, kiti kitupu. Nikaenda tena Jumatano iliyofuata. Kisha Wahindi wakafukuzwa nchini, filamu zao zikaadimika, nami nikashukuru, Mungu anisamehe, kwa kuwa nilipata sababu ya kutokwenda.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Sijui walimwuliza mwoga gani. Dada yangu aliolewa, baba alikufa kitandani mwake kwa uzee, hakuna aliyetubishia mlango. Basi nilifanikiwa. Lakini kicheko hakikuja, na nimekingoja miaka mingi. Na yule Bi Rehema alikuwa mkwe wetu mpaka alipofariki. Mtoto wake, tulikuja kujua, alikuwa akipika chai kwenye ofisi ile, akiogopa kama sisi. Huenda hata hivyo angesema. Huenda asingesema. Niliwahi kumsikia Bi Rehema akimweleza Hadija kwamba siku ya posa kuna binti alinawishwa mikono kwetu hakupewa chakula, na jambo hilo halikumpendeza.

Ungedhani ndio mwisho. Natamani ungekuwa ndio.

Serikali ile ilipoanguka, watu waliokimbia walianza kurudi. Mchana mmoja akaja mama yake Akello, amekonda, mvi tupu, anatembelea fimbo. Alikaa mkekani akanishika mikono yote miwili. Akaniambia siku ile ya kukimbia, Akello alimtumia maneno kwa mtu wa reli: mama usiogope, mimi naenda kwa Zaina. Kisha hakumsikia tena. Alizunguka kote, kwa ndugu, kwa mapadri, mpaka ng'ambo ya mpaka. Akaniuliza, "Mwanangu, alifika kwa nyinyi?"

Shangazi Mariamu alikuwa amekwisha kufa. Hapo mkekani hakukuwa na shahidi ila mimi.

Nikasema, "Hakufika, mama."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi walimukamata njiani," akasema, "kwa sababu najua angefika, wewe ungemupokea." Akanibariki. Nikaleta birika, nikamnawisha mikono, nikavuta goti langu vizuri kabisa, akala nami sinia moja. Amekufa akiamini hivyo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu nimeitembea zaidi ya miaka hamsini na sijaona mwisho wake.

Wajukuu huniwekea filamu za Kihindi, siku hizi yuko mtu anayezitafsiri kwa sauti kubwa, naye anatunga, namsikia kabisa anatunga. Wao hucheka. Ikifika mahali mtu anapobisha mlango mimi huinuka nikaenda jikoni, husema nimekwenda kuangalia maji. Kwenye filamu ile yetu dada alifungua. Nilikuwa nikimnong'oneza Akello maneno anayoyasema akifungua, na kila mara niliyabadilisha yawe matamu zaidi. Mlango ulipokuwa wangu, maneno niliyoyapata ni kwamba leo si siku yake.

Sasa nasaha, mwanangu, nawe usiifanye ya kupamba ukuta. Usingoje kujijua wewe ni mtu wa namna gani siku mlango unapobishwa. Mimi nilidhani najijua, nilikuwa nimelia mara saba kwa ajili ya dada wa kwenye picha, nikadhani machozi hayo ni wema. Goti huamua kabla ya moyo, kwa hiyo lizoeze goti lako siku za amani: mpe nafasi usiyempenda, mpe nafasi mwenye vumbi, mpe anayekuaibisha mbele ya wakwe, ili siku ya hofu liende lenyewe. Na ukishindwa, kwa maana unaweza kushindwa, na sikuahidi kwamba mimi leo nisingeshindwa tena, basi atakapokuja mama wa mtu kukuuliza, mwambie kweli. Mwache akutemee mate. La kwanza nililifanya kwa hofu. La pili hakuna aliyekuwa ananitisha.

Ukimtoa Shangazi Mariamu, wewe ndiye wa kwanza kunisikia nikisema kwamba Akello alifika. Alifika. Alinawa mikono, akasimama nyuma yangu.

Magoti yangu siku hizi hayakunjiki. Kwenye shughuli zenu mnaniwekea kiti na sahani yangu peke yangu, mnadhani ni heshima, nami sikatai. Nenda, mwanangu, wenzako wanakungoja. Mungu akupe nyumba yenye sinia pana na watu wa kulizunguka. Akupe rafiki anayejua uongo wako na bado akakaa nawe. Akikujia mikono ikiwa inadondosha maji, Mungu akupe goti jepesi kuliko langu. Amina.