Shangazi, Panya wa Njano na Moyo wa Fundi

Saa mbili asubuhi, katika chumba cha chini ambacho joto lake halipandi wala halishuki, yuko mwanamke anayeijua mioyo kuliko daktari yeyote wa jengo hili. Basi, tupunguze kidogo: anaijua mioyo ya panya, tena anaijua kwa nje, akiwa na koleo dogo mkononi na ndoo ya maranda machafu miguuni.

Jengo zima linamwita Shangazi. Kazi yake ni kuwatunza panya wa utafiti: kuwabadilishia maranda, kuwawekea chakula na maji, na kumpima kila mmoja uzito kabla, kama anavyosema mwenyewe, “wenye digrii hawajamaliza chai.”

“Haya, bibi mkubwa, panda mizani,” anamwambia panya mmoja mweupe anayemtolea macho. “Na usivute tumbo ndani. Nakujua.”

Mwingine anapanda, anashuka, anapanda tena. Shangazi anacheka peke yake. Siku nyingine angekuwa amekwisha kumaliza safu mbili za vizimba, lakini leo kila mara anatazama saa. Leo mchana ndipo itakapojulikana.

Panya hawa wote walipata shambulio la moyo, na hawakulipata kwa bahati mbaya. Watafiti waliwalaza usingizi wa dawa, wakaufunga mshipa mwembamba unaoulisha moyo damu. Sehemu ya nyama ya moyo ikafa, pakabaki kovu. Kovu halisukumi damu. Nyama iliyosalia inabeba mzigo wa wote, na taratibu moyo unatanuka na kulegea kama lastiki ya suruali ya zamani.

Moyo ukisukuma kivivu, maji yanabaki mwilini, kwenye mapafu na miguuni. Ndiyo sababu ya ile mizani. “Panya akinenepa ghafla usimsifu,” anasema Shangazi. “Hajashiba huyo. Amejaa maji.”

Profesa wa maabara hii, mwanamume ambaye Shangazi angeweza kumzaa bila kuharakisha, anatafuta dawa ya kulizuia kovu lisitanuke. Nusu ya panya wanachomwa dawa hiyo. Nusu wanachomwa maji ya chumvi basi. Vichupa vya kundi moja vina lebo ya kijani, vya kundi la pili lebo ya njano, na vizimba vivyo hivyo.

Kipi ni dawa na kipi ni maji? Humu ndani hakuna anayejua, hata Profesa. Siri hiyo anayo mtu wa hesabu, katika jengo la pili, ili asije mtu akaona kile anachotamani kukiona. Leo mchana ndipo atakapoifichua.

Sasa sikieni mahali roho zilipo juu. Panya wa njano wanapanda waya, wanasukumana, wanapigania chakula kama wageni waliochelewa harusini. Wa kijani wamejikunyata pembeni, wanahema. Kwamba makundi haya mawili hayafanani, hata mlinzi wa getini anaona. Lakini kama njano ni maji matupu, maana yake dawa ya Profesa ndiyo inayowamaliza wale wa kijani, na kazi yote ni ya kutupa.

“Mwanangu,” Shangazi alimwambia Profesa juzi, “ikiwa ni maji ya chumvi yanayowakimbiza hivi, na mimi nimiminie kikombe.”

“Usinitanie, Shangazi. Usingizi siupati.”

“Mimi je?”

Hakuwa anatania hapo. Ana sababu yake ya kukosa usingizi, nayo haiko kizimbani. Iko nyumbani, imeegemea mito mitatu.

Sababu hiyo ni mumewe, Fundi, seremala wa milango na vitanda. Shangazi alifika maabara hii mara ya kwanza akileta magunia ya maranda kutoka karakana ya mumewe. Mtunzaji wa zamani alikuwa ameacha kazi, na mtu akamuuliza yule mama wa magunia kama anaogopa panya. “Nina mume na watoto wanne,” akajibu. “Niogope panya?” Hakurudi tena na magunia. Alirudi na aproni.

Mwaka juzi Fundi alibanwa na kifua akiwa anapiga randa mlango. Alipona, lakini moyo wake ulibaki na kovu. Jioni miguu inavimba mpaka viatu vinamkataa. Akilala chali pumzi inakatika, ndipo ikaja ile mito mitatu. Mwezi uliopita alilazwa wodini akihema kama aliyefukuzwa na mbwa.

Ameandikiwa vidonge, na kimojawapo wanakiita “cha maji.” Kinakamua maji ya ziada na kumpeleka chooni mbio. Daktari wake alimwonya waziwazi: ukiviacha, utarudi kitandani kwetu, na safari nyingine huenda usitoke.

“Nilipowaona wale wa kijani wanahema,” anasema Shangazi akifuta mizani, “nilimwona mzee wangu. Tofauti ni masharubu tu. Ya panya yamechanwa.”

Saa sita kasorobo mtu wa hesabu anaingia na kompyuta yake kwapani. Ni mtu wa taratibu. Anatafuta kiti. Anatafuta soketi. Anavua miwani, anaifuta, anaitazama kwenye mwanga, anaifuta tena.

Profesa anatafuna kifuniko cha kalamu. Shangazi amesimama mlangoni na ndoo yake, kwa sababu hakuna aliyemwalika na hakuna atakayethubutu kumfukuza.

“Kwanza,” anaanza mtu wa hesabu, “ningependa kueleza namna tulivyo...”

“Baba,” Shangazi anamkatiza, “tafadhali. Tutakuja kukusikiliza vizuri wiki ijayo, na chai nitapika mimi. Njano ni nini?”

Mtu wa hesabu anamtazama Profesa. Profesa anatikisa kichwa kukubali, kifuniko kikiwa bado mdomoni.

“Njano ni dawa.”

Kifuniko kinadondoka. Halafu Profesa anapiga ukelele ambao hakufundishwa chuo chochote. Anamkumbatia Shangazi na ndoo yake, ndoo inapinduka, maranda yanamwagika juu ya viatu vya mtu wa hesabu, na mtu wa hesabu, ambaye kumbe naye ni binadamu, anacheka mpaka ile miwani inaanguka.

“Tazama! Tazama hii!” Profesa anamvuta Shangazi kwenye skrini ya ultrasaundi. Picha mbili za mioyo zinacheza pamoja. Wa kijani unajikunja kidogo tu, kama mtu anayepunga mkono kwa uvivu. Wa njano unabana, unaachia, unabana, unaachia.

“Unapiga kama ngumi,” anasema Shangazi.

“Unapiga kama ngumi!” anarudia Profesa. Kisha anatulia, maana ni mtu mkweli. “Lakini ni panya, Shangazi. Bado wanyama wakubwa. Halafu watu wachache, halafu wengi. Itachukua miaka. Sitaki umwahidi mzee kitu.”

“Nimekusikia.” Anainama kukusanya maranda, naye Profesa anainama kumsaidia. “Basi tugawane kazi, mwanangu. Nyinyi kimbieni na dawa. Mimi nitamshikilia mzee mpaka mfike. Asinifie njiani, hilo tu.”

Ndilo tumaini lake, na mpango wake ni huo huo. Chumvi ameiondoa jikoni. Asubuhi anampima Fundi uzito kama anavyowapima wa kazini, na anamsifu akipungua. Kilichobaki ni vidonge, na hivyo anamwachia mezani kila siku, kwa sababu yeye hawezi kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja.

Mchana huo anaruhusiwa kutoka mapema. Anamkuta Fundi kibarazani, anacheza drafti na jirani, na ni wazi anashinda.

“Baba watoto! Njano ndiyo dawa!”

Fundi anaruka, na kete mbili zinaanguka. “Usiniambie!”

“Nakwambia! Moyo unapiga kama ngumi!”

“Basi nichomeni! Leo hii! Ya njano!”

“Tulia. Wewe si panya.”

“Jirani, wewe ni shahidi. Mwanamke huyu huniita panya kila siku, leo penye faida amenikana.”

Wanacheka wote watatu. Kisha Shangazi anachuchumaa, anabonyeza mguu wa mumewe kwa kidole gumba, na anaachia. Shimo linabaki.

“Ni soksi hiyo,” anasema Fundi haraka.

“Hujavaa soksi. Dawa inakuja, mzee, lakini inakuja kwa miguu. Lazima ikukute. Kidonge cha maji umemeza?”

“Asubuhi na mapema!” Fundi anapiga kifua. “Muulize choo. Tangu umeondoka nimekwenda mara sita. Leo nimeuona ule mlango kuliko nilivyokuona wewe. Nilikuwa naacha drafti katikati, nakimbia, nafungua, narudi, nakimbia tena. Nimechoka, mke wangu.”

“Pole, baba.”

“Asante.”

Shangazi anatia mkono mfukoni mwa aproni atafute leso ya kujifuta jasho. Anatoa ufunguo. Ni wa kufuli la choo chao cha uani, na hawana mwingine. Asubuhi, kwa haraka, alikifunga akaondoka nao kazini.

Jirani anaangalia pembeni, anajishughulisha na kete.

Fundi anautazama ufunguo. Anatazama miguu yake. Mwishowe anakohoa.

“Na hao panya,” anauliza, “wao choo chao hakifungwi?”