Mstari Usiotumika

Ofisini wamembandika jina la Mama Herufi Kubwa. Huyu mwandishi wa programu za hospitali haanzi kazi kabla ya kuorodhesha, juu kabisa ya ukurasa, vitu ambavyo kompyuta hairuhusiwi kuvibadilisha: namba zikiwa tupu, maneno yakiwa ndani ya alama za kunukuu, na kila kimoja na jina lake la herufi kubwa. Akimaliza mstari hugonga meza kwa kifundo cha kidole, kama anayepigilia msumari. "Kipimo cha juu cha dawa ya mtoto hakiachwi kielee," husema kwa ile sauti yake ya mafua yasiyoisha. "Ukikiachia, kitaondoka na roho ya mtu."

Jana jirani yake wa meza, akiisafisha mojawapo ya programu zake, alikuta mstari usiotumika popote: WATOTO_WANGU = 3. Akaufuta, maana takataka ni takataka. Tena nani asiyejua kwamba mama huyu ana mabinti wawili tu, wale wa kwenye picha iliyo mezani pake? Leo asubuhi akaukuta umerudi palepale.

"Dada, huu mstari si hautumiki?"

"Hautumiki, mdogo wangu," akajibu, macho kwenye kioo cha kompyuta. "Ila haubadiliki."

Kisha akagonga meza, safari hii taratibu, kama anayebisha mlango wa mtoto aliyelala.